Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku Tatu Kilimani Kyondo

Watu wa Butembo hawaogopi safari. Wafanyabiashara wetu wamefika Kampala, Dubai, hata Guangzhou kule Uchina, wakarudi na vitambaa, vyombo na pikipiki. Lakini ukimwuliza mmoja wao: «Je, umepata kuliona Ziwa Edward?» mara nyingi atajibu kwamba amekula samaki wake tangu utotoni, ila ziwa lenyewe hajaliona. Twasafiri kwa ajili ya bidhaa, kwa ajili ya msiba na kwa ajili ya arusi. Kusafiri ili kuitazama nchi yetu wenyewe twadhani ni kazi ya Wazungu wenye kofia pana na vyombo vya kupigia picha.

Basi sisi, walimu watatu, tulikata shauri wakati wa likizo kwenda kulala siku tatu katika nyumba ya wageni huko Kyondo, mashariki ya Butembo, na kuzunguka mahali palipo karibu. Hatukwenda mbali. Pikipiki huondoka mjini asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana, njia ikiwa kavu. Lakini tulijifunza mambo ambayo hatukuyatazamia, na la kwanza kati yake si juu ya milima wala wanyama. Ni juu ya neno hili: mgeni.

Nyumba yenyewe

Wasomaji wasifikiri hoteli yenye ghorofa. Ni nyumba ya familia, yenye kuta za matofali na paa la mabati, na kando yake vyumba vitatu vilivyojengwa kwa ajili ya wapita njia. Mwenye nyumba ni mama mjane wa makamo. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye ndiye aliyevijenga vyumba hivyo, kimoja kimoja, kwa fedha ya viazi na vitunguu. Kila chumba kina kitanda, meza, taa ndogo ya nguvu za jua, na blanketi mbili nzito. Mtu asizicheke blanketi hizo. Butembo yenyewe iko kwenye mita kama 1,800 juu ya bahari, na Kyondo ni juu zaidi. Usiku baridi huingia mpaka mifupani.

Mpango wa nyumba ni mwepesi. Mgeni hulipia usiku na chakula cha asubuhi. Akitaka chakula cha jioni, amwambie mama kabla ya saa tisa, ili mtoto atumwe sokoni mapema. Maji ya moto huletwa kwa ndoo mlangoni. Asubuhi tulikuta mezani viazi vya kuchemsha, mayai, parachichi, marakuja na birika la kahawa iliyokaangwa na kutwangwa pale pale nyumbani. Jioni tulikula bukari ya muhogo, maharagwe, sombe, na samaki wa ziwani. Mama mwenyewe aliketi nasi kwa muda, kisha akaondoka ili wageni wazungumze kwa uhuru. Mwenzetu mmoja alipomshukuru kwa Kinande, akisema «Wasingya, mama», alicheka akajibu kwamba shukrani ni njema, lakini sahani iliyo tupu humfurahisha mpishi zaidi.

Siku ya kwanza: mahali maji yanapoagana

Alasiri ile tulitembea mpaka ukingo wa milima ya Mitumba. Njia yapita kati ya mashamba ya viazi, kabichi, vitunguu na ngano, yaliyolimwa hata mahali ambapo mbuzi angeona shida kusimama. Nchi hii ni ya Bashu, mojawapo ya koo kubwa za Wanande. Juu ya watemi wake na kazi yao ya kuilinda mvua, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Randall Packard, alichapisha kitabu kizima mwaka 1981. Wazee wetu walijua mambo hayo pasipo kitabu. Lakini yafaa wanafunzi wetu wajue kwamba watu wa mbali waliyaona kuwa ya thamani.

Ukifika ukingoni, ardhi yaanguka ghafula. Mbele yako ni Bonde la Ufa, na chini kabisa, Ziwa Edward, ambalo liko kwenye mita kama 912 tu. Yaani macho yashuka zaidi ya mita 1,000 kwa mara moja. Hapo ndipo mwalimu wa jiografia, mmoja wa wenzetu, alipoweka fimbo yake chini akatufundisha jambo ambalo tumelisema mara nyingi ubaoni bila kuliona.

Mvua inyeshayo upande huu wa mashariki hushuka ziwani au katika mto Semliki. Semliki hutoka ziwani mahali paitwapo Ishango, hupita bondeni chini ya Ruwenzori, huingia Ziwa Albert, na kutoka hapo maji huwa ya mto Nile. Huvuka Sudani na Misri, na kuishia katika Bahari ya Mediteranea. Lakini mvua inyeshayo upande wa magharibi, penye misitu mikubwa, huteremkia mto Kongo, nayo huishia katika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyoanguka kutoka wingu moja yaagana kwenye mgongo wa milima yetu, wala hayaonani tena. Mtoto wa Butembo aishi kati ya mito miwili iliyo mikuu kuliko yote ya Afrika. Je, tumemwambia?

Siku ya pili: subira, na madaftari mawili

Tulikuwa tumepanga kushuka ziwani siku ya pili, kwa njia ya Kyavinyonge, ile itumiwayo na magari ya samaki. Tuliamka alfajiri. Wakati ule mawingu hayajapanda bado, na kwa dakika chache tuliiona Ruwenzori upande wa kaskazini mashariki, na weupe wa theluji kileleni. Kilele chake cha juu, Margherita, kina mita 5,109 nacho kiko mpakani kati ya Kongo na Uganda. Katika Afrika chashindwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Mtu wa kwanza kujulikana kukipanda alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi wa Abruzzi, mwaka 1906. Upande wetu wa Kongo ulichunguzwa na msafara wa Wabelgiji mwaka 1932. Baadaye wageni wengi walianza safari huko Mutwanga, wakilala katika vibanda vya mlimani: Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo, kutoka msitu wa mianzi mpaka penye mawe na barafu. Barafu ile yazidi kupungua. Ya leo ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoonwa mwaka 1906.

Tuliporudi kunywa kahawa, mama alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Alikuwa ameuliza habari kwa dereva wa gari la samaki.

«Leo hamwendi, walimu wangu,» alisema.

Tulimwambia kwamba siku zetu ni chache, na kwamba tumekwisha lipa pikipiki.

«Fedha ya pikipiki itarudishwa. Dereva asema usiku wamesikia risasi njiani, na magari yamesimama. Mgeni wangu ni mtoto wangu mpaka atoke mlangoni. Mkae. Kesho nitauliza tena.»

Tulikaa. Tulikuwa na uchungu kidogo, twakiri, lakini ni nani awezaye kubishana na mama wa namna hiyo? Siku ile tulizunguka mashambani na sokoni, kisha tukakaa barazani. Ndipo tulipoona kwamba vyumba havikuwa vitatu tu. Nyuma ya jiko kulikuwa na cha nne, na ndani yake mwanamke mmoja na watoto wanne. Hawakuwa jamaa za mama. Walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Beni.

Wasomaji wetu wajua habari hizo, wala hatutazirudia zote. Tangu Oktoba mwaka 2014 wauaji wa kundi la ADF wameangamiza watu wengi katika vijiji vya Beni. Tangu mwisho wa mwaka 2020 walishambulia pia vijiji vya karibu na Mutwanga, pale pale ambapo watu walikuwa wakipata riziki kwa kuwaongoza wageni mlimani. Na mwaka 2024, vita vya M23 vilipofika Kanyabayonga, watu wengine wengi walipanda kutoka kusini kuja Lubero na Butembo. Wengi wa wakimbizi hawa hawalali katika kambi. Hulala kwa watu. Hulala katika nyumba kama hii.

Tulimwuliza mama jinsi anavyoweza. Akaingia ndani akarudi na madaftari mawili ya shule. Katika la kwanza ameandika wageni wanaolipa: tarehe, jina, siku, fedha. Katika la pili ameandika wageni wasiolipa: tarehe, jina, idadi ya watoto, kijiji walichotoka. La kwanza halijajaa hata nusu. La pili limekwisha na kufungwa uzi pamoja na lingine.

«Watu wengine,» alisema, «waniambia nikifungie chumba kile, nikipange kwa fedha. Mimi nawajibu: hawa wa daftari la kwanza ndio wanaowalisha wa daftari la pili. Nyinyi mkilala hapa siku tatu, wale watoto wana unga wa juma moja. Nikiwa na wageni wa kulipa, mlango huu ni wazi kwa wote. Nisipowapata, nitafanyaje?»

Mithali yetu yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeifundisha darasani mara nyingi. Maana yake tumesema ni hii: mgeni akija, hata mwenyeji hupata chakula kizuri. Lakini siku ile tulielewa kwamba yaweza kuwa na maana nzito zaidi. Mgeni wa kulipa na mgeni wa kukimbia wala chungu kimoja, na yule wa kwanza akikosekana, wa pili hulala njaa.

Jioni mama alitusimulia pia habari iliyotufurahisha, ya mlima Tshiaberimu ulio upande wa kusini, magharibi ya ziwa. Ni mlima ambao wazee waliuita wa mizimu. Katika msitu wake walikuwa wamebaki gorila wachache sana, chini ya kumi. Basi gorila wanne wa kike, mayatima waliolelewa katika kituo cha Kasugho, wilaya ya Lubero, walipelekwa huko mwaka 2023, wakazoezwa kwanza ndani ya uzio. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 wakafunguliwa kuishi msituni pamoja na wenzao. Hata gorila, alisema mama akicheka, wamepata mwenyeji wa kuwapokea.

Siku ya tatu: ziwa la samaki na mfupa wa hesabu

Asubuhi ya tatu dereva alipiga simu mwenyewe. Magari yalikuwa yakipita. Tulishuka kwa mizunguko mingi, joto likizidi kila kona, mpaka Kyavinyonge.

Hiki ni kimoja cha vijiji vitatu vilivyo na ruhusa ya uvuvi upande wa Kongo wa ziwa hili. Vingine ni Vitshumbi na Nyakakoma. Vyote vimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, na kupewa jina la Virunga mwaka 1969. Mwaka 1979 iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini. Katika Kyavinyonge mitumbwi yarudi asubuhi, wanawake wapanga samaki, makorongo wakubwa wenye upara wazunguka kama wakaguzi wa soko, na viboko hutoka majini usiku kula majani kati ya nyumba.

Juu ya viboko hao kuna somo. Katika miaka ya 1970 hifadhi hii ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, wengi kuliko mahali po pote duniani. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, na wenye silaha wa kila namna. Wavuvi wakaona kwamba samaki nao walipungua. Uvuvi wa haramu umechangia, lakini kuna sababu nyingine pia. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kuacha mavi yake majini mchana. Mavi hayo hukuza mimea midogo sana ya majini, ambayo ni chakula cha samaki. Aliyekula kiboko alikula pia samaki wa mtoto wake.

Ishango hatukufika, ingawa si mbali na Kyavinyonge. Mama alikuwa ametuagiza tusipite kijiji, nasi tulitii. Lakini tulisimama ufukweni tukaelekeza macho upande ule, na kila mwalimu wa hesabu asomaye ukurasa huu atajua sababu.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin, mchunguzi wa mawe na ardhi, alichimba huko Ishango. Chini ya majivu ya volkano alikuta mabaki ya watu waliokaa hapo yapata miaka 20,000 iliyopita: mifupa ya samaki, vyusa vya mfupa vya kuvulia, na mfupa mmoja mdogo, urefu wake sentimita kama 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha yake. Mfupa huo umechorwa mikato katika safu tatu. Katika safu moja mikato yahesabika hivi: 11, 13, 17, 19. Mwanafunzi, zitazame hesabu hizo. Ndizo namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Katika safu nyingine ni 11, 21, 19, 9. Jumlisha safu ya kwanza: 60. Jumlisha ya pili: 60. Safu ya tatu ina jumla ya 48.

Wataalamu wabishana mpaka leo. Wengine wasema ni mchezo wa hesabu, wengine wasema ni kalenda ya mwezi, wengine wasema mikato ilikuwa ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels, katika jumba la elimu ya viumbe. Lakini aliyeukata alikaa hapa, akala samaki wa hapa, akanywa maji haya yaendayo Misri. Mtoto asemaye kwamba hesabu ni mambo ya kigeni, apelekwe kwenye ukingo wa Kyondo na kuonyeshwa kwa kidole.

Mambo ya kushika

Kwanza, familia zenye uwezo zisingoje amani kamili ndipo zijue nchi yao. Mahali pasipofikika leo, tungoje. Mahali panapofikika, twende. Kama si siku tatu, iwe siku moja. Shule nazo zaweza kuwapandisha wanafunzi mlimani kwa siku moja, na mkate wao mkononi.

Pili, kabla ya kuondoka tuulize habari za njia, tena tuwaulize wapitao kila siku: madereva, wachuuzi, wenye nyumba. Mwenyeji akisema «leo hapana», tutii. Ajuaye njia ni yule aliyezaliwa kando yake.

Tatu, tulipe bei ya haki. Wengi wetu twaona vema kulipa hoteli ya mji bila neno, lakini kwa mama wa kijijini twashindana mpaka senti ya mwisho. Huko ni kumnyang'anya. Ajabu ya nyumba hizi ni kwamba fedha ya mgeni haikai. Siku hiyo hiyo yageuka kuwa unga, sabuni na madaftari ya shule.

Nne, mgeni naye ana wajibu wake. Mithali nyingine yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile tuliona wageni wa daftari la pili wakiifuata kuliko sisi wa daftari la kwanza. Yule mama mkimbizi alikuwa akiamka wa kwanza kufagia ua, na mtoto wake mkubwa ndiye aliyetuletea maji ya moto kila asubuhi. Sisi tulimsaidia masomo ya hesabu jioni mbili, kwa habari ya mfupa wa Ishango. Alikuwa ameacha shule kijiji chake kilipochomwa. Sasa amekwisha andikishwa tena, katika darasa la tano, na mwenye nyumba ndiye aliyemnunulia daftari.